Jinsi ya Kumvusha Mtoto wa Dada Yako Kasindi Bila Kuitwa Mwizi wa Watoto

Anza na jina. Kabla hujanunua biskuti za njiani, kabla hujampigia dereva simu, kaa chini na mtoto, umwulize anaitwa nani, kisha ulinganishe jibu lake na karatasi. Kwetu Butembo na Beni jambo hili si dogo. Sisi Wanande humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa: Paluku ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano. Baba anaweza kuwa Kakule, mtoto wake Kambale, na ndugu wa baba aliyemshika mtoto mkono akawa Paluku. Weka kadi zao tatu juu ya meza moja, hutaona hata herufi inayosema hawa ni damu moja. Na kwenye foleni nyuma yao wamesimama akina Kambale wengine watano. Jina letu linamwambia afisa mtoto huyu ni wa ngapi. Halimwambii ni wa nani.

Ukivuka mto Lubiriha mambo yanaongezeka. Ndugu zetu Wakonzo wa upande wa Uganda wana majina hayo hayo, lakini kwa sauti yao: Kambale huko ni Bwambale, Kasereka ni Masereka, Katembo ni Thembo. Karani wa shule au wa hospitali kule Kasese huandika anavyosikia. Mtoto huondoka Kambale, akarudi Bwambale, na siku mzazi anapotaka kuthibitisha kwamba huyo ni mmoja na yule yule, anakuta kazi. Kwa hiyo mfundishe mtoto kutaja jina lake lote, taratibu, na herufi zake kama zilivyo kwenye akti ya kuzaliwa. Watoto hulipenda zoezi hili. Fanya naye jioni mbili tatu mkiwa mnachambua maharage.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Likizo kubwa moja nilimchukua Masika, binti wa dada yangu, miaka tisa, nimpeleke Kasese akakae na ndugu zake mwezi mmoja. Tulitoka Vulamba, Butembo, alfajiri, ukungu bado umelala juu ya mabati. Beni ni kilomita 54. Kutoka Beni hadi mpakani Kasindi ni kama 80 nyingine. Nilibeba kila kitu: shuka, sabuni, mkungu wa ndizi, dawa ya malaria, nguo ya Jumapili ya mtoto iliyopigwa pasi. Karatasi niliyokuwa nayo ni kadi yangu mwenyewe ya uchaguzi.

Afisa aliniuliza kwa heshima: “Mama, mtoto huyu ni wako?”

“Ndiyo, shefu. Ni mtoto wangu.”

Akainama hadi uso wake ukalingana na wa Masika. “Mama yako anaitwa nani?”

Masika akataja jina la dada yangu, lote, bila kukosea.

“Na huyu aliyekushika mkono?”

“Ni mama.”

Sote wawili tulikuwa tumesema kweli. Kwetu mama mdogo ni mama. Hakuna mtoto wa Vulamba anayesimama mbele ya mdogo wa mama yake akamwita jina lingine. Lakini afisa alikuwa mbele ya mtoto mwenye mama wawili na mwanamke asiye na karatasi. Aliweka kadi yangu pembeni, akatuonyesha benchi. Alifanya alivyopaswa kufanya, na mpaka leo namshukuru, maana mtu aliyemwiba mtoto naye angejibu hivyo hivyo, kwa sauti ya upole kama yangu. Tulikaa hapo hadi jua likainama, tukarudi Beni kulala kwa rafiki. Usiku, tukiwa chini ya chandarua kimoja, Masika aliniuliza: “Mama, uliniiba?”

Tangu usiku ule nimekuwa mtu wa karatasi. Majirani huja kwangu Juni, shule zikikaribia kufunga, nami huwaeleza hatua kwa hatua. Basi nieleze na hapa.

Hatua ya mwanzo hufanyika miaka mingi kabla ya safari: akti ya kuzaliwa. Sheria ya familia inatoa siku 90 tangu mtoto azaliwe, na ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Unakwenda komini yako. Butembo tuna nne, Bulengera, Kimemi, Mususa na hii yetu ya Vulamba. Beni nao wana nne, Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Unachukua cheti ulichopewa na hospitali au kituo cha afya, mnasimama mbele ya karani, mtoto anaingia kwenye kitabu. Siku 90 zikipita, mlango wa komini peke yake hautoshi tena. Itabidi kwanza mahakama itoe hukumu inayoshika nafasi ya kuandikishwa kwa wakati, na hapo utalipa, utarudi, utaambiwa uje Alhamisi. Akina mama wanaojifungua sasa, tafadhali: kile cheti cha maternite msikifungie chumvi. Kipelekeni komini mtoto akiwa bado mgongoni.

Akti hiyo inasema mtoto ni wa nani. Haisemi kwamba wewe, mama mdogo, umeruhusiwa kwenda naye. Hiyo ni kazi ya barua ya ruhusa ya wazazi, ambayo hapa kila mtu anaiita otorizasio. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwita mtoto kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Kwa hiyo yule kijana wa miaka 17 mwenye ndevu, anayemzidi baba yake urefu, naye anahitaji barua. Atanuna. Mwandikie hivyo hivyo.

Barua nzuri haina maneno mazuri. Wapo wanaoandika ukurasa mzima wa salamu na baraka, kisha wanasahau tarehe ya kurudi. Andika majina yote ya baba na ya mama, kama yalivyo kwenye kadi zao, na namba za kadi. Jina la mtoto, siku na mahali alipozaliwa. Jina la anayesafiri naye na uhusiano wao, na hapa acha lugha ya nyumbani: usiandike “mama yake”, andika “mdogo wa mama yake mzazi”. Taja njia yenyewe: Butembo, Beni, Kasindi, Mpondwe, Kasese. Taja nyumba anayokwenda, jina la mwenyeji wake na simu yake. Taja siku ya kutoka na siku ya kurudi. Mwishoni weka simu mbili za wazazi zinazopatikana, na nasema zinazopatikana kwa maana yake kamili: siku ya safari simu hizo ziwe na chaji na ziwe mkononi. Kama mama anauza sokoni, amwachie jirani wa meza simu akienda kununua maji.

Ugumu uko kwenye saini. Baba na mama wote wawili waende komini, waweke saini mbele ya karani, kashe, yaani muhuri, ipigwe juu ya saini wala si pembeni yake. Nimemwona karani wetu mmoja anavyofanya: anapuliza kashe kwanza, kama mtu anayepuliza chai, anaibonyeza kwenye wino mara mbili, anaigandamiza kwenye karatasi kwa uzito wa bega lote, halafu anahesabu kimoyomoyo kabla ya kuiinua. Kashe yake husomeka. Kashe iliyopigwa kwa haraka huwa doa la zambarau, na doa la zambarau halimvushi mtu. Ukiona haisomeki, omba irudiwe kabla hujatoka mlangoni, hakuna aibu. Kisha toa fotokopi tatu za kila kitu, pamoja na kadi za wazazi mbele na nyuma. Nakala moja ibaki nyumbani, moja iende na wewe, moja iwe ya mwenyeji. Ile yenye kashe ya wino nitaisema mbele.

Barua huandikwa kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya ofisi zetu na ya DGM, idara ya uhamiaji. Ng'ambo ya daraja wanasoma Kiingereza. Tafuta mwalimu akutafsirie ukurasa wa pili, ubanwe na wa kwanza. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengi wakadhani kuanzia hapo watoto watapita kama upepo. Jumuiya haikuondoa ukaguzi wa hati. Mtoto bado anaulizwa mzazi wake yuko wapi, na ni vizuri aulizwe.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Mzazi, usitie saini karatasi tupu. Usitie saini karatasi usiyoweza kusoma, hata iwe imeletwa na mtu wa kanisa lenu, hata awe ameleta sukari. Tarehe 25 Septemba 2013 serikali yetu ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto wa Kongo walioasiliwa na wageni, kwa sababu karatasi nyingi zilikuwa zimeanza kutiliwa shaka. Hata baada ya hapo yakatokea ya Gemena, kaskazini-magharibi mwa nchi. Mwaka 2015 wazazi kule waliambiwa watoto wao wanakwenda Kinshasa kwenye kambi ya likizo. Likizo! Watoto wakaondoka na hawakurudi. Walipelekwa Ubelgiji na kukabidhiwa kwa familia zilizoamini kwamba zinapokea yatima, na vipimo vya DNA baadaye vikathibitisha kwamba wazazi wao wako hai, wanawangoja. Nikifikiria mama wa Gemena anavyohesabu siku za likizo hadi mwezi wa tisa, kisha wa kumi, siwezi kumvumilia mtu anayesema otorizasio ni usumbufu wa wazungu wa ofisi.

Hapa kwetu ulaghai una sura nyingine. Anakuja shangazi wa mbali, amevaa vizuri, anasema Kampala kuna familia inatafuta binti wa kuwasaidia kazi ndogo, naye atasomeshwa. Mwambie: vizuri, tuandike. Tuandike jina la familia, mtaa, simu, jina la shule, tarehe ya kurudi. Twende komini pamoja, wewe na mimi na baba yake, na kadi yako. Mtu mwema atakaa chini aandike. Mwingine atakumbuka kwamba gari linamngoja.

Wako watoto ambao hawana wa kutia saini. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya Beni na vijiji vyake yameacha watoto mikononi mwa bibi, kaka mkubwa, jirani. Bibi wa namna hiyo akija kwangu simwambii arudi na baba wa mtoto. Mmoja wa wazazi akibaki, huyo ndiye anayesaini, na cheti cha kifo cha mwenzake kinabanwa nyuma. Wote wakiwa wameondoka, familia hukutana, huandika muhtasari wa kikao unaosema nani amepewa ulezi, kisha mahakama huuthibitisha. Ni safari ndefu kwa bibi wa miaka 70. Kijana wa familia mwenye pikipiki ampeleke, amngoje, amrudishe. Huo ndio msaada wenyewe, na unapita mkono wa pole.

Njiani usimpe mtoto uongo wa kusema. Usimwambie: wakikuuliza, sema mimi ndiye niliyekuzaa. Usimwazimie akti ya binamu yake kwa sababu wote ni Kambale na wote wana miaka kumi. Siku mtoto huyo atakapougua ugenini, atatibiwa kwa jina na umri wa mtu mwingine, na simu itapigwa kwa mzazi asiye wake. Hatukuhitaji mtu wa nje atufundishe hili. Juni 2019, Ebola ikiwa imetushika, mtoto wa miaka mitano aliingia Uganda na familia yake kutoka upande wetu, akapelekwa hospitali ya Kagando, kisha Bwera, akafa. Kazi ya kwanza ya waganga ilikuwa kujua alikotoka, njia aliyopita, na nani alikuwa naye. Yule alikuwa na mama yake wa kujibu. Mtoto anayesafiri bila mzazi anajibiwa na karatasi tu. Kwa hiyo bana pamoja na kadi yake ya chanjo, ile ya njano, na kama ana ugonjwa wa sikoseli au pumu, andika kwa herufi kubwa.

Anayekwenda Kinshasa kwa ndege kutoka uwanja wa Mavivi, Beni, naye asidhani ameepuka kwa kuwa haondoki nchini. Barua ni ile ile, na jina la atakayempokea uwanjani liwe kamili kama la kadi yake. “Papa Josée” halitoshi.

Anayepanda mtumbwi Kyavinyonge au meli popote ahakikishe mtoto ameandikwa kwenye orodha ya abiria kwa jina lake. Watoto wengi hupandishwa kama mizigo ya mama, bila jina. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa na watu wengi kuliko walioandikwa. Familia zilisimama ufukweni zikitaja majina ambayo hayakuwa kwenye orodha yoyote. Jina liandikwe, na jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe.

Goma yenyewe siku hizi imekuwa safari ya nchi mbili. Tangu waasi wa M23 waichukue mwishoni mwa Januari 2025, na ofisi za mkoa kuhamia Beni, wengi wetu wanaotaka kumpeleka mtoto kwa baba yake aliyebaki Goma huzunguka: wanatoka Kasindi, wanapita Uganda, wanaingia tena Kongo kwa mlango mwingine kama Bunagana. Mtoto wa Kongo anavuka mipaka mara mbili ili afike mkoa ule ule aliozaliwa. Basi barua itaje kutoka na kuingia, kote, na itaje jina la baba anayengoja upande wa pili. Inaniuma kuandika sentensi hii kana kwamba ni kawaida.

Kuna siku moja tu ambayo mwongozo huu hauna kazi. Ukikimbia risasi, kimbia. Usirudi nyumbani kutafuta kashe. Julai 2013 Kamango iliposhambuliwa, watu kwa maelfu walivuka hadi Bundibugyo, Uganda, na nguo za mwilini, na watoto waliopotezana na wazazi wao walipokelewa hivyo hivyo. Mkimbizi haombwi otorizasio. Lakini hata siku hiyo mtoto anayejua kutaja jina lake lote, la mama yake, komini yake, na namba moja ya simu kwa kichwa, hutafutiwa watu wake haraka kuliko yule anayejua tu kwamba mama anaitwa Mama.

Ndiyo maana ile nakala yenye kashe ya wino haikai kwenye mkoba wako. Inakaa na mtoto. Mshonee mfuko wa kitambaa wenye kamba ya shingoni, uingie ndani ya nguo, karatasi ikiwa ndani ya plastiki. Kabla ya kuifunga, msomee. Mwambie: hapa ni jina lako, hapa ni saini ya mama, hii ni ya baba, hii ndiyo siku utakayorudi. Ukiona mtu anakupeleka mahali pasipoandikwa hapa, mwonyeshe askari au mwalimu au mama yeyote mwenye mtoto mgongoni.

Likizo iliyofuata tulirudi Kasindi, mimi na Masika, sasa ana miaka kumi. Meza ile ile, lakini afisa mwingine. Aliniuliza kama mtoto ni wangu. Nikasema: “Hapana, shefu. Ni wa dada yangu. Muulize mwenyewe.” Masika akavuta kamba shingoni, akatoa plastiki, akaifungua. Afisa alisoma ukurasa wote kwa kidole, akachukua simu, akabonyeza namba. Ilipokelewa mara ya pili. Tulisikia sauti ya dada yangu, na nyuma yake kelele za soko, mtu akitangaza bei ya sambaza.

“Mama, una mtoto safarini?”

“Ninaye. Anaitwa Masika. Amevaa sweta ya kijani, na jino la mbele limetoka juzi.”

Afisa akamtazama Masika. Masika akafungua mdomo, akamwonyesha pengo. Kashe ikapigwa. Nilinyoosha mkono nichukue karatasi, lakini Masika aliniwahi. “Hiyo ni yangu,” akasema, akaikunja kwa mistari yake ya zamani, akairudisha ndani ya nguo, na tukaanza kushuka kuelekea darajani.